Maswali ya Wasomaji: Fedha za Shirika Wakati wa Ukata

Tangu Marekani ilipositisha misaada yake Januari 2025, na USAID kufungwa rasmi Julai 1 mwaka huohuo, barua za mashirika ya Kanda ya Ziwa zimebadilika. Zamani waliuliza namna ya kuandika maombi ya ruzuku. Sasa wanauliza mishahara ya mwezi ujao itatoka wapi. Uingereza nayo imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027, kwa hiyo anayetegemea kuhamia kwa mfadhili wa jirani atakuta foleni. Majina ya walioandika na ya mashirika yao tumeyaacha.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa shirika la afya na maji. Mfadhili wetu mkubwa ameandika kwamba hataongeza mkataba. Benki tuna shilingi milioni 86. Mkurugenzi anasema matumizi yetu ya ofisi ni milioni 6 kwa mwezi, kwa hiyo tuna zaidi ya mwaka. Mimi sina amani. (Nyakato, Mwanza)

Una haki ya kukosa amani. Salio la benki linaonyesha fedha zilizopo, halionyeshi ni za nani. Chukua taarifa ya benki ya leo, fungua leja, kisha punguza hatua kwa hatua.

Kwanza ondoa fedha zilizotolewa kwa kazi maalumu ambayo haijafanyika. Kama milioni 52 ni za visima, ziweke kando, zinabaki 34. Kisha ondoa madeni yaliyokwisha kuiva: PAYE (kodi ya mishahara) ya mwezi uliopita, ambayo TRA wanaidai ifikapo tarehe 7, michango ya NSSF na ya WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), fundi aliyemaliza kazi hajalipwa, ada ya mkaguzi wa hesabu. Tuseme ni milioni 9.5; zinabaki 24.5. Halafu kuna fungu ambalo karibu kila shirika hulisahau: stahiki za wafanyakazi endapo mtalazimika kuwapunguza, yaani notisi, likizo ambazo hawakwenda na kiinua mgongo. Kama ni milioni 6.5, mmebakiwa na 18. Gawa kwa 6. Mna miezi mitatu. Ile miezi 14 ya mkurugenzi imejengwa juu ya visima vya watu.

Ukishaipata namba hiyo, chora jedwali la wiki 13. Safu moja kwa kila wiki: salio la kuanzia, kinachoingia, kinachotoka, salio la kufunga. Fedha iandikwe kwenye wiki itakayoonekana benki, si wiki iliyoahidiwa. Ahadi ya mdomo iandikwe sifuri, hata kama aliyeahidi ni mtu mzito. Mfadhili anayelipa baada ya ninyi kutumia na kupeleka ripoti mpeni nafasi ya mwezi na nusu au miwili tangu ripoti ifike kwake, kwa sababu huko nako wahasibu wamepunguzwa na anayesoma risiti zenu amebaki peke yake.

Jedwali huharibika kwa mambo yaleyale. Pango la nyumba linalolipwa miezi sita kwa mkupuo huandikwa kama la mwezi. Bima ya gari na ada za mwaka husahaulika mpaka siku zinapodaiwa. Masurufu waliyochukua maofisa kwenda vijijini, hayajarejeshwa, huhesabiwa kana kwamba yapo kabatini. Pitia orodha ya masurufu leo hii. Kwenye shirika la watu 12 si ajabu kukuta laki nane au zaidi zinazunguka mifukoni kwa nia njema kabisa.

Jedwali hili hufanyiwa marekebisho kila Jumatatu, na wiki moja mpya huongezwa mwishoni. Wiki ya 9 ikienda hasi, mna wiki nane za kutenda. Lipelekeni kwa bodi likiwa vilevile, pamoja na wiki hiyo yenye alama ya kutoa. Tumeona wahasibu wakiipaka rangi kidogo ili kikao kisiwe kirefu. Kikao kirefu ndicho kinachotakiwa.

SWALI: Mradi wa maji una fedha, mradi wa vijana umekauka. Mkurugenzi anataka tuchote milioni 7 za maji tulipe mishahara, tutarudisha mfadhili wa vijana akileta. Mimi ni mratibu tu, nimwambieje? (Nansio, Ukerewe)

Mwambie kwamba siku mkaguzi akizikuta, hiyo milioni 7 itakuwa matumizi yasiyokubalika na mtadaiwa mzirudishe kutoka fedha zenu wenyewe, ambazo hamna. Kisha mfadhili wa maji, aliye hai, atafunga mfuko kwa sababu ya yule aliyekwisha kuondoka. Hivyo ndivyo mradi mmoja uliokauka unavyoua miwili.

Ipo njia halali. Soma mkataba wa maji: mingi huruhusu kuhamisha fedha kati ya mafungu hadi kiwango fulani bila kibali, mara nyingi asilimia 10, na zaidi ya hapo kwa kibali cha maandishi. Angalia kama mratibu, mhasibu au mlinzi anafanya kazi za mradi wa maji kwa saa ambazo mradi haulipi. Kama mhasibu anatumia siku mbili kati ya tano kwa maji na bajeti inamlipa moja, mna hoja. Mwandikieni mfadhili barua ya ukurasa mmoja: nini kimebadilika, fungu gani lipunguzwe, lipi liongezwe, idadi ya visima itabaki ileile au itapungua kwa vingapi, na mnahitaji jibu lini. Ambatisha karatasi za mahudhurio. Wafadhili wengi wamekuwa wepesi zaidi kukubali hili kuliko watu wanavyodhani, ila hawakubali kuambiwa baada ya fedha kuliwa.

Kama tayari mmechota, liandikeni kwenye vitabu kama deni kati ya miradi, kwa tarehe na kiasi, bodi iliweke kwenye kumbukumbu za kikao, na mfadhili aambiwe na ninyi kabla hajaambiwa na mkaguzi.

SWALI: Ruzuku yetu ni dola 40,000. Tulipanga kwa shilingi 2,700 kwa dola, zilipofika benki ilitupa 2,450. Pengo linazibwaje? (Sengerema)

Mlipanga milioni 108, mmepata 98. Milioni 10 haziwezi kuzibwa kwa kubana chai. Rudini kwa mfadhili na bajeti mpya kabla ya robo ya kwanza kuisha, mkionyesha karatasi ya benki yenye kiwango cha siku ile. Punguzeni shughuli nzima, fanyeni kazi kwenye kata tatu badala ya nne. Kupunguza kidogokidogo kila fungu huacha shughuli zote zikiwa nusu.

Safari ijayo pangeni kwa kiwango kilicho chini ya cha soko kwa asilimia 5 hadi 8. Shilingi ikidhoofika mtapata ziada, ila msiishangilie: mikataba mingi huhesabu ziada ya kubadili fedha kuwa ya mradi, si ya ofisi. Kama mwenye nyumba bado anawatajia pango kwa dola, kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Kaeni naye mwandike kwa shilingi. Na kwa kuwa mko Sengerema, kama bajeti ya zamani ina nauli za kivuko cha Kigongo–Busisi, tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 fungu hilo halina kazi. Ombeni lihamishwe.

SWALI: Wahariri, salaam. Tunalea watoto 40, wafanyakazi tuko 9. Tunataka kubaki 6. Wengine wanashauri tuwalipe wote nusu mshahara na nusu tuite kujitolea. Chakula nacho kimepanda. (Mama mlezi, Igoma)

Salaam Mama. Hilo la nusu mshahara liacheni. Mfanyakazi ambaye hajakubali kwa maandishi anawadai nusu ya pili kila mwezi, na deni hilo litaibuka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi likiwa limenona. Kupunguza siku za kazi kwa makubaliano yaliyosainiwa, kwa mfano siku tatu kwa wiki kwa miezi minne, ni jambo jingine na linaruhusiwa.

Mkilazimika kupunguza watu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina utaratibu. Watoleeni wafanyakazi notisi ya nia ya kupunguza, mkieleza sababu kwa namba. Kaeni nao, au na chama chao kama kipo, mjadili njia za kuepuka, vigezo vya nani aondoke, lini, na malipo gani. Wekeni kumbukumbu na saini za kila kikao. Kosa tunaloliona mno ni barua za kuachishwa kuandikwa kwanza, kisha kikao kuitishwa ili kuzihalalisha, tarehe husaliti.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi. Mfano: mshahara wa 520,000 gawa kwa 4.333 upate wa wiki, takriban 120,000. Akifanya kazi siku tano kwa wiki, siku moja ni 24,000. Mara siku 7, mara miaka 6, ni 1,008,000. Ongezeni likizo iliyobaki, na kama mliyemwajiri mlimtoa mahali pengine, nauli ya kumrudisha na familia yake pamoja na posho ya kujikimu mpaka asafiri. Mwenye mkataba wa muda maalumu mwangalieni kwa makini: kuuvunja katikati kunaweza kuwagharimu mishahara ya miezi yote iliyobaki, na pengine kungoja uishe ni nafuu zaidi.

Fanyeni hesabu hii kwa wote tisa kabla ya kuchagua watatu. Wakati mwingine kumwondoa mkongwe kunakula akiba ya miezi mitano ya mshahara wake, na mpaka muanze kuona nafuu, ukata umepita.

Sasa chakula. Watoto 40 kwa gramu 400 za nafaka kila mmoja ni kilo 16 kwa siku, kilo 480 kwa mwezi, karibu magunia matano ya kilo 100. Mkinunua dukani kwa kilo, mnalipia faida ya watu watatu. Bei hushuka baada ya mavuno, Mei hadi Agosti, ndipo fedha ya chakula ya mwaka inapotakiwa kutoka, hata kama jedwali la wiki 13 litalia. Pimeni ukavu kabla ya kuhifadhi: tia nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, nafaka bado mbichi, ianikeni juani. Ikishakauka, mifuko isiyopitisha hewa huwamaliza dumuzi bila dawa, mradi haifunguliwi kila siku. Mmoja uwe wa matumizi, mingine ibaki imefungwa. Na debe la mchele mnaloletewa na msikiti au kanisa liandikeni kwenye daftari la stoo kwa kilo na kwa thamani. Mfadhili mpya akiuliza mnachangiwa nini na jirani zenu, hilo daftari ndilo jibu.

SWALI: Bodi inataka tuweke vizimba vya sato ziwani tujitegemee. Tuna milioni 15 za akiba. (Ilemela)

Akiba hiyo ndiyo miezi yenu ya kupumua, na vizimba havilipi ndani ya miezi hiyo. Sato huhitaji kama miezi sita hadi minane kufikia uzito wa soko, na muda wote huo anakula. Chukueni kizimba cha vifaranga 2,000. Wakibaki 1,700 wa gramu 400, mna kilo 680. Kwa wastani wa kilo moja na nusu ya chakula kwa kila kilo ya samaki, mtanunua zaidi ya kilo 1,000 za chakula kabla ya kuuza samaki hata mmoja. Wengi huanguka mwezi wa tano: fedha ya chakula imekwisha, samaki wanauzwa wadogo kwa bei ya kutupa. Ongezeni vibali, mlinzi wa usiku, na ukweli kwamba mapato ya biashara TRA huyatazama tofauti na ruzuku. Waulizeni kabla, si baada.

Kama moyo umeshikilia, tafuteni mtaji mahususi wa vizimba na mtu anayevijua awe msimamizi wa kulipwa. Akiba iacheni benki, au sehemu ambayo hamtaihitaji ndani ya miezi mitatu iwekeni kwenye dhamana za muda mfupi za Serikali za siku 91.

SWALI: Tumeanza kuchangisha mjini kwa simu, namba ya mweka hazina wetu ni maarufu. Kuna ubaya? (Kirumba)

Upo. Fedha zikichanganyika na zake za vocha na ada za watoto, hata malaika hawezi kuzitenganisha, na laini ikipotea au ikifungwa, mchango wenu umefungwa nayo. Chukueni lipa namba kwa jina la shirika, kwa cheti chenu cha usajili, na fedha zihamie benki kila Ijumaa kwa idhini ya watu wawili. Mtu wa tatu, asiyeshika simu hiyo, alinganishe orodha ya miamala na kitabu cha risiti kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi.