Jibu kwa dada wa Kent: kwenda Olympia kudai nyumba za bei nafuu

Dada, umesema barua ya mwenye nyumba imefika, kodi inapanda tena, na kanisani kwenu wanakusanya watu waende Olympia, makao makuu ya jimbo letu la Washington, kuwaona wabunge. Unataka kujua kama safari hiyo ina faida au ni kwenda kupiga picha kwenye ngazi za bunge, na kama asiye raia anaruhusiwa kusema. Mimi nimeshakwenda misimu miwili, 2024 na 2025, nakujibu kwa niliyoyaona.

La uraia kwanza, maana ndilo linalowaziba watu mdomo. Bunge la jimbo la Washington haliulizi pasipoti. Mkimbizi, mwenye grinikadi, hata anayesubiri hifadhi, anaweza kutoa maoni mbele ya kamati. Kura ndiyo hana. Ila jueni kwamba ukijiandikisha jina lako linakuwa kumbukumbu ya umma, na vikao vinarushwa na TVW, kituo cha televisheni kinachoonyesha shughuli za bunge la jimbo, na kuhifadhiwa. Mwenye kesi ya uhamiaji aongee na mwanasheria wake kabla ya kukaa mbele ya kipaza sauti.

Mwaka wa kwanza niliaibika. Niliandika kurasa tatu, nikaanzia Tanga nilikozaliwa, nikaeleza nilivyofika Marekani, kazi ya kulea wazee, zamu za usiku, watoto. Mwenyekiti akatangaza kila mtu dakika moja. Dakika ikaisha nikiwa sijapanda ndege. Kibaya zaidi, nilikuwa nimepanga kuomba fedha za kujenga nyumba, na kamati ile ilikuwa inajadili muswada wa kuzuia kodi kupandishwa ovyo. Wakanishukuru kwa adabu, nikarudi kwenye kiti.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho vikundi vyetu vingi havikijui: sheria ya kodi ya pango na fedha za kujenga nyumba zinapita njia mbili tofauti. Kamati ni tofauti, siku ni tofauti, na hoja inayofaa huku haifai kule. Kabla ya kukodi basi, amueni mnakwenda kwa lipi.

Tuanze na kodi. Muswada wa 2024 wa kuweka ukomo wa kupandisha kodi ulipita Baraza la Wawakilishi, ukafia Seneti. Mwaka 2025 ukarudi kwa namba HB 1217. Ulipofika Seneti, Aprili, maseneta wakaulegeza: ukomo ukapandishwa hadi asilimia 10 juu ya mfumuko wa bei, na nyumba za familia moja zikaondolewa. Wawakilishi wakakataa, ikaundwa kamati ya pamoja ya mabaraza mawili, na ndiyo iliyoweka ukomo uliopo leo, nitakaoueleza hapo chini. Gavana Bob Ferguson akausaini Mei 7. Wengi wa wale tuliopanda nao basi mwezi wa pili walikuwa wameshasahau, wakidhani kazi iliisha siku ile ya mabango. Kumbe simu za Aprili ndizo zilizokuwa na uzito. Mkiwa na nguvu ya kwenda mara moja tu, gawaneni: wachache waende mapema, wengine wabaki tayari kupiga simu mwishoni.

Na hiyo barua yako, isome vizuri. Sheria hiyo ilianza kazi papo hapo. Kwa miezi 12 ya mwanzo ya upangaji kodi haipandi. Baada ya hapo, ndani ya miezi 12 haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 7 pamoja na mfumuko wa bei, au asilimia 10, kinachochukuliwa ni kilicho kidogo. Taarifa ni siku 90. Kwa hiyo kama unalipa dola 1,800, nyongeza ya zaidi ya dola 180 ina shida hata kabla hujajua mfumuko wa bei ni kiasi gani. Kuna misamaha, mkubwa wao ni majengo mapya katika miaka 12 ya kwanza, basi ulizia jengo lenu lilianza kukaliwa lini. Kama nyongeza imevuka, hilo si la kungoja bunge: tafuta msaada wa kisheria wa wapangaji, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo naye ana mamlaka ya kuisimamia sheria hiyo. (Sisi tuliozoea kukabidhi kodi ya miezi sita mkononi ndipo tupewe ufunguo huwa hatuamini kwamba mwenye nyumba anaweza kuambiwa hapana. Anaambiwa.)

Sasa fedha. Jimbo lina mfuko wa nyumba tangu 1986, nao ndio unaosaidia mashirika yasiyo ya faida na mamlaka za nyumba kujenga kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Fedha zake nyingi zinatoka kwenye kile ambacho nyumbani tungekiita bajeti ya maendeleo, siyo ya matumizi ya kawaida. Kwa miaka ya 2023–25 mwanzoni ulipewa dola milioni 400, kwa 2025–27 milioni 605. Bajeti ni ya miaka miwili na hupitishwa mwaka witiri, kwenye kikao cha siku 105. Mwaka shufwa kikao ni siku 60 na kinachofanyika ni marekebisho, kwa hiyo msiende mwaka huo na ombi la mamilioni mapya mkashangaa kuonekana wageni.

Sehemu kubwa ya bajeti hiyo ya maendeleo inakopwa kwa hatifungani, yaani dhamana ambazo jimbo huuza ili kukopa, na hatifungani zinahitaji kura asilimia 60 katika kila baraza. Chama kimoja hakitoshi. Kikundi chetu kilitaka kuwaruka Warepublican wote, “hao si wetu.” Nilibisha, tukaenda kwa mmoja wa mashariki ya milima ya Cascade. Habari za kodi za Seattle hazikumgusa hata kidogo. Tulipotaja kwamba mfuko huo hujenga pia nyumba za vibarua wa mashambani, akavuta kiti, akauliza maswali matano mfululizo.

Msianze na ile takwimu kwamba jimbo linahitaji nyumba milioni 1.1 katika miaka 20. Wameisikia mpaka imechuja. Leteni kitu ambacho hawana: kodi yako ya mwaka juzi, ya sasa, mshahara wako wa saa, na ulichoacha kununua.

Mkipeleka mama atakayesema kwa Kiswahili, tahadhari na neno “kodi”. Mama mmoja wetu alisema, “Kodi imepanda mara tatu, siwezi tena.” Mkalimani akatafsiri kwamba serikali inamtoza ushuru mkubwa mno. Wabunge wawili wanaopinga muswada wakaitikia kwa kichwa kwa furaha, wamepata shahidi! Ilibidi mwenzetu aliyefuata atumie nusu ya dakika yake kurekebisha. Semeni “kodi ya pango” au “kodi ya nyumba” kila mara, na mkutane na mkalimani kabla.

Jimbo lina wilaya 49 za uchaguzi, kila moja na seneta mmoja na wawakilishi wawili. Ombeni miadi na hao watatu wenu, na mkipewa msaidizi badala ya mbunge msinune, yeye ndiye anayeandika muhtasari. Asiyeweza kusafiri ajiandikishe mtandaoni kwamba anaunga mkono, mwisho saa moja kabla ya kikao kuanza, au aongee kwa Zoom. Maandishi yanapokelewa mpaka saa 24 baada ya kikao kuanza. Kanisa kutetea muswada si tatizo, ila siku hiyo msichanganye na kumpigia debe mgombea.

Andika maneno yako, yasizidi 130, kisha nitumie ujumbe humu. Nitakupigia jioni usome, nikiwa na saa mkononi.