Usimfufue Zuhura kabla hujawahesabu waliomlilia

Hapana, kaka. Usimrudishe. Tua kalamu kwanza unisikilize.

Umeuliza mambo matatu: kama umfufue Zuhura, marehemu dada yake Radi katika katuni yako, kwenye toleo la saba kwa kuwa wasomaji wanamdai, uchapishe kwa karatasi ya aina gani, na wahusika wako wazungumze Kiswahili sanifu au kile cha mitaani kwenu Changamwe. Ya karatasi na lugha tuyaache kwa leo. La kwanza ndilo litakalokimaliza kitabu chako, na limenichoma kulisoma, kwa sababu maneno uliyoandika, kwamba "kwenye katuni za mashujaa hakuna anayekufa kweli", ndiyo yale yale tuliyoambiwa sisi, tukayafuata.

Tulikuwa wawili pale Kibokoni, Mombasa, mimi nikiandika na mwenzangu akichora. Kitabu chetu kilikuwa cha binti wa Likoni anayeyaamrisha maji ya bahari. Nguvu zake zilifuata mwezi. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, aliweza kuinua wimbi la kuzuia meli mlangoni mwa Kilindini. Maji mafu yakiingia, yale yasiyojaa sana, alikuwa msichana kama wengine, anasukumana kwenye foleni ya feri. Wasomaji waliipenda sheria hiyo. Vijana wa Mtongwe, ambao bahari wanaijua kuliko sisi, walikuwa wakitusahihisha: bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mbona hapa mwezi ni nusu naye bado anapindua mashua? Tukarekebisha, na hadithi ikakaza.

Toleo la nne, mjomba wake akazama. Nahodha wa jahazi, ndiye aliyemlea. Alizama kwa sababu binti alitaka kuonyesha ubingwa wakati wa maji mafu, na maji hayakumtii. Yote yaliyofuata yalitoka hapo. Mama yake hakusema naye tena, maana aliyekufa ni kaka yake wa tumbo moja. Binti akavunja posa, akasema hawezi kupakwa hina ilhali mjomba hana hata kaburi. Akaanza kuutazama mwezi kabla ya kila pambano, hata pale kuchelewa kulipomgharimu. Na adui yake, tajiri mmoja anayechimba mchanga wa bahari, alipoigundua hofu hiyo, akawa anapanga maovu yake kwa kalenda. Matoleo mazima yalisimama juu ya kifo kimoja.

Ndipo akaja bwana wa warsha. Simtaji jina, lakini sitamung'unya maneno. Alijitambulisha kuwa mhariri mzoefu. Hakuwa amesoma toleo letu hata moja. Alitazama jalada, akauliza mauzo yakoje, kisha akatoa hukumu: mrudisheni mjomba, Marekani ndivyo wanavyofanya, wasomaji wanapenda wafu wakirudi. Akachukua ada yake, akaenda zake. Mtu anawezaje kuagiza mfu afufuliwe bila kuuliza ni nani aliyefiwa? Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Na kila nikikutana na kijana aliyepita mikononi mwake, nasikia sentensi ile ile ikirudiwa kama aya.

Mjomba akarudi toleo la tisa. Aliokolewa na wavuvi wa Pemba, akapotewa na kumbukumbu, unaijua hadithi hiyo. Toleo lile liliuzika vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu hasara haiji na toleo la ufufuo. Inakuja na linalofuata, unapokaa kuandika ukagundua wahusika wako hawana la kufanya.

Mama amnunie mwanawe kwa lipi tena? Tukawapatanisha kwa fremu mbili, ugomvi tuliokuwa tumeulea toleo baada ya toleo. Posa je? Yule kijana alikuwa amekwisha oa, kwa hivyo binti yetu akaonekana mtu aliyemtupa mwenzake bure. Kuutazama mwezi, ambako kulikuwa toba yake, kukageuka tabia tu isiyo na maana. Na yule tajiri wa mchanga akabaki anaitegemea hofu isiyokuwepo. Muuza viungo mmoja wa soko la Marikiti, mama aliyekuwa akimnunulia mwanawe kitabu na kukisoma yeye kwanza, alinirudishia toleo la kumi akaniuliza: "Sasa yule mtoto alikuwa akimlilia nani?" Sikuwa na jibu. Mwenzangu, aliyekuwa ameichora sala ya ghaibu ya mjomba, ile ya maiti asiyekuwepo, safu kwa safu, kila uso tofauti na mwingine, alikusanya brashi zake. Hatujatoa toleo jingine.

Shika hili basi. Mhusika akifa, anageuka kuwa sababu ya matendo ya wengine. Ukimrudisha, matendo yanabaki na sababu imeondoka. Anayeharibika si aliyefufuliwa, ni waliobaki.

Na bwana yule hata hiyo Marekani aliyotutishia hakuijua. Tazama Jean Grey wa X-Men, kundi la mashujaa wa kampuni ya Marvel. Mwaka 1980, katika toleo la 137, Chris Claremont na John Byrne walikusudia abaki hai, apokonywe nguvu tu. Mhariri mkuu, Jim Shooter, akakataa: aliyeteketeza sayari yenye mabilioni ya viumbe hawezi kurudi nyumbani kana kwamba hakuna kitu. Akafa, na kifo kile kikawa na uzito. Mpenzi wake, Scott Summers, akaomboleza, kisha mwaka 1983 akamwoa Madelyne Pryor, wakapata mtoto wa kiume.

Mwaka 1986 kampuni ikataka wanafunzi watano wa mwanzo wakusanyike tena katika kitabu kipya, X-Factor. Ikasemwa kwamba Jean wa kweli alikuwa amelala ndani ya gamba chini ya maji ya Jamaica Bay, New York, na aliyekufa alikuwa kitu kingine kilichojivika sura yake. Scott aliposikia yu hai, akamwacha mkewe na mtoto mchanga. Scott! Mtu ambaye tangu 1963 alijengwa kwa wajibu, anayejinyima kila kitu kwa ajili ya wenzake. Ili kumsafisha, ikabidi mke abadilishwe: akaambiwa ni nakala iliyotengenezwa kutokana na Jean, akafanywa mwovu, na mwaka 1989 akafa. Mwanamke aliyeachwa bila kosa ndiye aliyelipishwa. Hebu hesabu walioharibika kwa ufufuo mmoja, halafu kumbuka wasomaji wangali wanamlaumu Scott hadi leo.

Utanijibu kwamba Bucky alirudi na watu wakafurahi. Kweli. Tangu 1964 tulijua kwamba mwenzi huyo wa Captain America aliuawa vitani, na mwaka 2005 Ed Brubaker akamrudisha. Lakini soma namna alivyorudi: mkono mmoja hana, akili imeoshwa, Wasovieti wamemtumia kuua watu kwa miaka. Majuto ya Captain America ya kushindwa kumwokoa hayakufutwa, yaliongezeka. Sababu ilibaki, tena nzito kuliko mwanzo. Kama una ufufuo wa namna hiyo kwa Zuhura, nitanyamaza.

Na usinitajie madai ya wasomaji. Mwaka 1988 kampuni ya DC iliwaachia wasomaji waamue kwa simu kama Jason Todd, msaidizi wa Batman, aishi au afe. Kura 5,343 zikasema afe, 5,271 aishi. Tofauti ni kura 72. Kesho yake hao hao wangeweza kugeuka. Walioishi na matokeo ni waandishi, na walifanya la busara: wakaiacha hatia hiyo imlemee Batman kwa miaka.

Sasa njoo kwako. Nimesoma matoleo yako yote sita. Radi aliacha kazi ya umakanga kwa sababu Zuhura alifia ndani ya matatu yake. Baba yao aliacha kucheza kamari siku ile ile. Askari Mwadime alianza kukataa hongo kwa kuwa alimbeba yule binti mikononi mpaka hospitali. Huyo Mwadime ndiye mhusika bora uliyenaye, nakuambia kwa moyo wangu wote, na Zuhura akifungua macho toleo la saba, Mwadime amekwisha.

Kama wasomaji wamemkosa Zuhura, wape toleo zima la siku zake za uhai. Rudi nyuma mwaka mmoja. Mwonyeshe akimkaripia Radi pale stendi, akimfichia baba pesa zisiende kwenye kamari. Atazungumza, atacheka, wasomaji watashiba, na hutakuwa umefuta hata mstari mmoja ulioandika.

Lakini kwanza chukua daftari. Ukurasa wa kushoto andika kifo chake, wa kulia kila mtu aliyebadilika kwa ajili yake na alichofanya, hata yule mchuuzi wa mahamri wa toleo la tano aliyefunga kibanda. Mbele ya kila jina andika atabaki na nini Zuhura akirudi. Weka orodha hiyo hapa kabla hujampa mchoraji wako ukurasa wa kwanza, tuipitie jina kwa jina. Anza na Mwadime.