Jibu: Maji ya chumvi hayamzuii mbu wa malaria

Ndugu, umeuliza kama sisi tunaoishi karibu na bahari hapa Malindi tuko salama, kwa kuwa mbu wa malaria hawazai kwenye maji ya chumvi. Tafadhali usitegemee hilo. Yupo Anopheles merus, mbu wa pwani ya mashariki na kusini mwa Afrika, ambaye viluwiluwi vyake hukua vizuri kwenye madimbwi ya chumvi, kama yale yanayobaki nyuma ya mikoko bamvua likishapita. Naye huambukiza malaria. Kwa macho humtofautishi na ndugu zake wawili wanaoambukiza malaria pia, gambiae na arabiensis, mpaka kipimo cha vinasaba.

Hao wawili hupenda vidimbwi vya mvua vinavyopigwa na jua. Arabiensis anastahimili ukame zaidi, huuma watu na ng'ombe, na mara nyingi huuma nje, kwa hiyo pale barazani jioni neti ya kitandani haikusaidii. Funestus, mbu mwingine wa malaria, hufuata maji ya kudumu yenye majani. Wote watatu wako Kisumu pia; merus ndiye wa huku kwetu.

Anayenitia hofu kweli ni stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia. Alionekana Djibouti mwaka 2012, baadaye Ethiopia, na sasa ameshaingia kaskazini mwa Kenya. Huyu huzaa mijini, kwenye matangi na mapipa ya maji safi. Wengi wetu tunahifadhi maji hivyo hivyo, basi yafunikeni vizuri, mvua au kiangazi.