Laki nne kubadilisha boksi la fyuzi la zamani, ni ghali?

Sheikh, laki nne usiikubali wala usiikatae mpaka fundi akwambie imo nini. Boksi lenyewe si la kukufilisi, pesa inaliwa na sakiti breka, zile swichi zinazojizima umeme ukizidi, moja kwa kila njia ya waya, na ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Hiyo usiifanyie ubahili. Halafu atazame ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Kwangu Mji Mkongwe fimbo yake inayozikwa chini ilishaliwa na chumvi, kuigusa tu ikamomonyoka kama biskuti. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 breka yake ampia 10, asikutilie ya 32 kwa kuwa ndiyo aliyonayo mfukoni. Na mita ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, asiiguse, sili ikikatika utajieleza wewe.