Faili zangu zanigomea

SWALI: Fundi vipi? Niko Likoni, laptop yangu ya Ubuntu (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) iliharibika diski nikaeka mpya nikarudisha bekapu yote, sasa picha za harusi naziona lakini kufungua wapi, ati sina ruhusa. Na ni zangu!

JIBU: Pole ndugu yangu. Kompyuta haikujui kwa jina, yakujua kwa namba, na Ubuntu mtumiaji wa kwanza humpa 1000, wa pili 1001, sasa yaelekea zamani ulikuwa 1001 na leo ni 1000 basi faili zakuona mgeni. Fungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri, andika ls -ln uone hizo namba, kisha sudo chown -R jina:jina /home/jina ili faili ziwe zako tena, hapo kwenye jina weka lako la kuingilia. Watu wakikwambia chmod 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa, kataa, hiyo ni kuwacha mlango wazi mtaa mzima uingie. Folda za mfumo usiziguse kabisa, utalia.