Hasira inayorudi kila baada ya kutubu

Ndugu yangu wa Mkunazini, hapa Unguja, uliyeniandikia kuhusu hasira yako, nimekufahamu: Jumapili unatubu, Jumatatu unamfokea jirani wa meza pale sokoni Darajani kwa kuwa kasogeza ndoo yake ya samaki mbele ya wateja wako. Toba yako si ya uongo, ila imeishia kanisani. Mathayo 5:23-24 inataka uiache sadaka madhabahuni, ukapatane kwanza. Basi mwendee kabla soko halijachangamka, utaje kosa lako tu: "Jana nilikutukana, niwie radhi." Usitie "lakini", neno hilo hugeuza toba kuwa kesi. Ya ndoo mtayazungumza siku nyingine.

Hasira huanza mwilini: taya hukaza, sauti hupanda. Hapo hapo nyamaza, sema moyoni sala ya mtoza ushuru, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi" (Luka 18:13), mara tatu polepole, ndipo ujibu. Waefeso 4:26 haitaki uchungu uvuke machweo. Kwetu huku adhana ya magharibi yatosha kukukumbusha.

Unauliza kuhusu kufunga chakula ili hasira ipungue. Usianze nako, maana njaa huwazidishia wengine ukali.

Ukishaanza kupiga watu, au usingizi umekukimbia wiki nzima, muone padri na daktari, wote wawili.