Shokapu mbili kwa njia za Karura na Ngong: milimita 120 au 160?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ninaishi Ruaka na kila Jumamosi naendesha msitu wa Karura. Karibu kila mwezi tunakwenda Ngong Hills na wenzangu. Baiskeli yangu ya sasa ina shokapu mbele tu, na mgongo umeanza kunisumbua kwenye mizizi na mawe. Nimeonyeshwa mbili za mtumba zenye shokapu mbele na nyuma, zote tairi za inchi 29, bei zinakaribiana. Moja ina mwendo wa milimita 160 nyuma na 170 mbele, nyingine 120 nyuma na 130 mbele. Muuzaji ananiambia nichukue kubwa, eti inafanya yote ambayo ndogo inafanya, na zaidi. Nina kilo 82 na urefu wa sentimita 176. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kulipa? – Msomaji, Ruaka

JIBU: Ndugu yangu, chukua ya 120, ikipita ukaguzi nitakaokueleza. Maneno ya muuzaji huyo nayasikia mara nyingi, na yamewafanya watu wengi wanunue baiskeli ambayo baada ya miezi michache inaning'inia ukutani.

Zile milimita ni kiasi ambacho gurudumu linaweza kupanda kabla shokapu haijagota. Baiskeli ya 160 imeundwa kwa milima kama ya Whistler kule Kanada au ya Alps, ambako lifti ya kamba inakupandisha wewe na baiskeli yako hadi juu, kazi yako ikabaki kushuka kwa kasi juu ya miamba. Ngong hakuna lifti. Kila mita unayoshuka umeipanda kwa miguu yako, na kilele kirefu pale kinafika mita 2,460, mahali ambapo pumzi inapungua mapema. Baiskeli ya aina hiyo mara nyingi inazidi kilo 15, tairi zake ni nzito, na foko yake, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imelala mbele sana, nyuzi 64 hivi kutoka ardhini au chini ya hapo. Ukiwa kasi kwenye mteremko, foko iliyolala inakupa utulivu. Ukipanda polepole kwenye mwinuko mkali, gurudumu la mbele linayumba na unahangaika kulirudisha njiani. Karura nako njia nyingi ni za udongo laini na mizizi, hazina mawe makubwa. Pale shokapu ya 160 itakuwa inakula nguvu zako tu.

Kwa hiyo si kweli kwamba kubwa inafanya yote ya ndogo. Kila milimita unayoongeza unailipia kwenye kupanda.

Kabla hujatoa pesa, jaribu jambo moja kwenye baiskeli uliyo nayo. Pima upepo wa tairi. Waendeshaji wengi wanaokuja kwangu wakilalamikia mgongo huwa wamejaza psi 40 (kipimo cha presha ya upepo) au zaidi, na tairi ikiwa ngumu hivyo kila mzizi unapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Kwa kilo 82 na tairi pana isiyo na tyubu, anza na psi 22 au 23 mbele na 25 nyuma. Ukitumia tyubu ongeza kidogo, la sivyo ringi itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa. Kama ungekuwa unaendesha Karura peke yake, ningekwambia urekebishe upepo na kimo cha kiti, pesa ubaki nazo. Ninachokubali ni Ngong: mawe yaliyolegea, mteremko mrefu, na uchovu unaokupata ukiwa bado na nusu ya njia. Hapo shokapu ya nyuma inashikilia gurudumu ardhini, breki zinauma vizuri, na wewe unafika chini ukiwa bado na nguvu ya kuamua pa kupita.

Kwa matumizi yako, mwendo unaofaa ni kati ya 120 na 140. Ukitaka mifano ya kulinganisha: Santa Cruz Tallboy ya 2019 na ya 2022 ina 120 nyuma na 130 mbele, Trek Fuel EX ya 2020 ina 130 na 140. Zote ni baiskeli za mtu anayepanda na kushuka siku hiyo hiyo.

Saizi ina uzito kuliko jina la kampuni. Kwa sentimita 176 uko mpakani kati ya M na L, na kila kampuni inapima kwa namna yake, kwa hiyo usiamini herufi iliyobandikwa kwenye fremu. Simama kwenye pedali, magoti yamekunjwa kidogo, mikono kwenye usukani. Ukijihisi umebanwa kifuani, ni ndogo. Ukilazimika kunyoosha mikono hadi viwiko vikakakamaa, ni kubwa. Halafu kaa kitini na upande kimlima chochote kilicho karibu: kama uzito wako wote unaangukia nyuma na gurudumu la mbele linataka kunyanyuka, bomba la kiti limelala mno. Baiskeli za miaka ya karibuni zimesimamisha bomba hilo hadi nyuzi 75 au 76, na kwenye mwinuko unaiona tofauti. Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kitufe usiikose. Ngong bila hiyo utakuwa unashuka kiti kikikusukuma mgongoni.

Kuhusu mitambo ya shokapu ya nyuma, utasikia majina mengi ya kibiashara. Ninachokuomba ni uhesabu beringi za viungio na uulize kama zinapatikana Nairobi. Nyingi ni beringi za saizi za kawaida, namba imeandikwa ubavuni, na maduka ya beringi za viwandani yanaweza kuwa nazo. Mimi napendelea muundo wenye viungio vichache. Kila kiungio ni mlango wa matope, na udongo mwekundu wa Karura wakati wa mvua za Machi hadi Mei hauna huruma.

Sasa ukaguzi. Nenda mchana, na uombe baiskeli iwe imeoshwa, maana matope yanaficha nyufa. Shika kiti ukinyanyue polepole magurudumu yakiwa chini. Ukisikia "tak" kabla gurudumu halijainuka, kuna beringi au kiungo cha shokapu kilicholegea. Kisha shika gurudumu la nyuma kwa juu ulisukume kushoto na kulia, jicho likiwa kwenye viungio. Likicheza pale kwenye ekseli tu, tatizo ni habu (kitovu cha gurudumu), si ghali sana. Fremu yenyewe ikicheza, pata kwanza bei ya beringi zote na kazi ya kuzibadilisha, uiondoe kwenye bei anayotaka.

Pitisha ukucha kwenye mabomba ya foko yanayong'aa na kwenye nondo ya shokapu ya nyuma, kile chuma kinachoingia na kutoka. Mkwaruzo unaokamata ukucha utakata sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, na mafuta yatavuja hata ukibadilisha sili mpya. Huo peke yake unatosha kukufanya uondoke. Bonyeza shokapu mara kadhaa halafu tazama nondo: utando mwembamba wa mafuta ni sawa, matone si sawa. Jaribu pia kile kiswichi cha kuikaza wakati wa kupanda. Kisipobadilisha chochote, shokapu inahitaji fundi wa kuifungua.

Fremu iangalie penye kiunganisho cha bomba la usukani, chini karibu na krenki, na pale shokapu inapofungwa. Ufa huanza kama unywele kwenye rangi. Kwa fremu ya kaboni kuwa mkali zaidi, na chomoa nguzo ya kiti uone ndani.

Vipimo navyo viandike kabla ya kulipa. Shokapu mara nyingi ina namba kama 190 x 45, yaani urefu wake na mwendo wa nondo. Ukizijua utaweza kutafuta nyingine ikifa. Ekseli ya milimita 12 (unene) kwa 148 (upana) nyuma na 15 kwa 110 mbele ndiyo inayotumika kwa wingi sasa, hivyo magurudumu utayapata. Tazama pia kaseti, lile rundo la gia za nyuma, inavaa habu ya aina gani. Kaseti ya Shimano Deore ya gia 11, yenye meno 11 hadi 51, inaingia kwenye habu ya mtindo wa zamani ambayo karibu kila fundi anaijua. Ile ya gia 12 inataka habu ya mtindo mwingine. Zote ni nzuri, ila ya kwanza ni rahisi kuihudumia hapa kwetu. Mwisho, omba risiti na upige picha namba ya fremu. Asiye na risiti wala maelezo ya baiskeli ilikotoka, mwache na baiskeli yake.

Ukishainunua, nunua pampu ya shokapu siku hiyo hiyo. Usiende na shokapu kwenye pampu ya kituo cha petroli. Valvu inafanana na ya gari, lakini chumba cha hewa ni kidogo mno na shinikizo linalotakiwa ni kubwa kuliko la tairi lolote la gari dogo. Kwa uzito wako anza na psi 180 hivi nyuma, vaa kila kitu unachobeba njiani, pamoja na maji, kisha ukae kitini bila kurukaruka. Sogeza kile kipete cha mpira kilicho kwenye nondo hadi kwenye sili, ushuke taratibu, upime. Kwa nondo ya milimita 45, kipete kiwe kimesogea milimita 11 hadi 13. Kikizidi hapo ongeza hewa, kikipungua toa. Foko ya 130 izame milimita 20 hadi 26 ukiwa umesimama kwenye pedali. Kisha rekebisha kasi ya kurudi: shuka ukingo wa barabara ukiwa umekaa. Baiskeli inapaswa kuzama, kurudi mara moja, na kutulia. Ikirudi na kudunda tena, punguza kasi kwa kukaza kirungu chekundu mibofyo miwili, urudie.

Usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari. Maji yenye nguvu yanasukuma grisi nje ya beringi na kuacha maji ndani. Ndoo, brashi laini na kitambaa vinatosha. Kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha, fundi afungue miguu ya foko na chumba cha hewa cha shokapu, asafishe sili na kuweka mafuta mapya. Vumbi la Ngong la kiangazi linaharibu sili sawasawa na matope. Na kwa sababu ya miiba ya migunga, weka maji ya kuziba matundu ndani ya tairi na uyaongeze kila miezi miwili au mitatu, kwani joto linayakausha.

Kama ile ya 120 haitapita ukaguzi, usirudi kwenye ya 160 kwa sababu tu ipo. Subiri itokee nyingine ya kati ya 120 na 140.